"Bw. na Bi." wasioishi nyumba moja: kisa cha kadi ya sendofu iliyogawa ukoo

Kadi ya mchango wa sendofu (sherehe ya kumuaga binti kwao kabla ya harusi) iliingia kwenye magrupu Jumanne usiku, na mpaka Jumatano saa nne asubuhi mama wadogo wawili washatoka grupu, mama mzazi kazima simu, na mjomba ambaye ndo alikuwa ameahidi kulipia ukumbi anapigiwa hapokei. Kadi yenyewe ukiisoma haraka haraka haina shida yoyote, ni yale maneno tunayoyajua wote: "Familia ya Bw. na Bi. (jina la baba) wa Kimara, Dar es Salaam, inayo furaha kukutaarifu kuwa binti yao mpendwa (jina) anatarajia kuagwa tarehe fulani. Ili kufanikisha shughuli hii unaombwa mchango wako wa hali na mali. Tafadhali mchango umfikie aliyekuletea kadi hii kabla ya tarehe fulani." Basi. Hakuna tusi, hakuna jina lililokosewa herufi, na rangi zilipendeza tu. Ila hiyo "na Bi." ndo ilileta balaa lote.

Mimi niliitwa hiyo Jumatano jioni, maana kwa watu wangu wa karibu ikifika mambo ya maneno ya kadi na risala huwa natafutwa mimi. Nakieleza kisa kizima kwa sababu naona kamati nyingi zinapita njia hii hii bila kujua, na nimebadilisha vitu kadhaa ili wenyewe wasitambulike, wakijitambua watanisamehe.

Tuanze na nani ni nani. Bibi harusi ana miaka 28, yuko Dar anafanya kazi. Baba yake Mhaya, kwao Kamachumu kule Muleba, anaishi Kimara. Mama ni Mluguru wa Matombo, Morogoro, anaishi Tabata, hapo hapo Dar. Hao wawili hawakuwahi kufunga ndoa, waliishi tu pamoja, wakaachana binti akiwa darasa la kwanza, baba akaja kuoa kabisa, ndoa ya kanisani, na huyo mama wa Kimara ana watoto wake watatu na cheti chake. Yaani kama kuna "Bi." wa huyo bwana popote pale ni yeye, si mama wa bibi harusi. Mama hakuolewa tena. Binti akalelewa Morogoro mjini kwa mjomba wake, kaka wa mama, kuanzia la pili mpaka kidato cha sita, ada mjomba, kipaimara mjomba na mkewe, chuo akasomea mkopo wa serikali ila hela ya kula ikikata anapigiwa mjomba huyo huyo. Baba hakupotea moja kwa moja, tuseme ukweli, alikuwa anapiga simu, Krismasi nyingine anatuma nguo, na binti alipoanza kazi mjini wakawa wanaonana Jumapili. Sio baba mbaya wa kwenye hadithi, ni baba aliyekuwepo nusu nusu, na hawa ndo wanaosumbua zaidi kwenye kadi, kwa sababu asiyekuwepo kabisa hadai kitu na aliyekuwepo muda wote hana haja ya kudai.

Sasa ongeza na hili. Kwa Wahaya mtoto ni wa ukoo wa baba, mazungumzo ya mahari yanafanyika kwa baba, na baba akiwa hayupo yanafanyika kwa ndugu zake wa kiume. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama na mjomba sauti yake ni nzito, kuna mambo ya mpwa wake hayaendi bila yeye kutia neno. Kwa hiyo usije ukaona mjomba alikuwa anadandia shughuli ya mtu, kwa kwao alikuwa mahali pake, na baba naye kwa kwao alikuwa mahali pake. Wote wawili wana haki na kadi ina mstari mmoja tu pale juu.

Wakati wa mahari hili lilishajitokeza na likamalizwa kistaarabu sana. Mshenga aliuliza mapema "tunaenda kwa nani", wazee wakakubaliana barua na mahari vipokelewe Kimara kwa baba, mjomba awepo amekaa na wazee, mkaja wa mama upelekwe Tabata na mjomba atengewe chake. Ikaenda hivyo, watu wakala, wakanywa, wakaagana. Mwenyekiti wa kamati ya sendofu, ambaye ni kaka mmoja wa kazini kwa binti, mtu mwema tu na anajituma, akajiongeza kwamba kama mahari ilipokelewa kwa baba basi na kadi itoke kwa baba. Akaenda kwa mtu wa kadi Kariakoo, jamaa akamtolea templeti ambayo juu ishaandikwa "Familia ya Bw. na Bi. ......", nafasi ya kujaza ni moja, akajaza jina la baba. Akalipa, akapiga picha, akarusha kwenye magrupu. Hakumuuliza mama, hakumuuliza mjomba, na kwa kumtetea kidogo, bibi harusi aliiona na akasema "iko poa", ila alikuwa anaangalia rangi kama zinaendana na gauni.

Naomba tukae hapo kwenye mahari na kadi, maana watu wengi wanachanganya. Mahari ni jambo la koo mbili, linafanyika sebuleni, waliopo wote wanajua historia, ukimtaja baba peke yake hakuna anayedanganyika. Kadi inaenda kwa watu mia tatu ambao wengine hawamjui baba wala mama, wanaenda kuamini kilichoandikwa. Mwenye shughuli kwao ni yule aliye juu ya kadi, kwake ndo watapiga simu, yeye ndo watampa hongera, akisimama ukumbini ndo watampigia vigelegele. Kwa hiyo swali la kadi sio "mtoto ni wa ukoo gani", swali ni "nani anaita watu". Na sendofu inaitwa na upande wa binti (kwa wasomaji wa Kenya na kwingine ambao hawana kitu hiki, inagharamiwa na kwao binti, na ina kamati yake tofauti na ya harusi).

Tuone sasa kila mtu aliisoma vipi, maana ni kadi moja lakini ilisomwa kama kadi nne.

Mke wa baba alipigiwa simu na wenzake wa jumuiya, "kumbe unaaga binti na hujatuambia", na yeye hajawahi kuishi na huyu binti hata mwezi, hana ubaya naye lakini hajajiandaa kuwa mama wa kuaga mtu, na akihesabu anaona watu watategemea yeye ndo atakaa mbele amevaa sare ya mama. Aibu ikampata, na akadhani mumewe kamtaja bila kumwambia. Mama mzazi aliisoma hivi: nimezaa, nimeuza vitenge mpaka mtoto kasimama, leo kadi inasema mama yake ni mwingine. Na hata ungemwambia hiyo "Bi." ni wewe, bado ingekuwa mbaya, kwa sababu inamfanya mke wa mtu ambaye hakuwahi kumuoa, halafu watu wa Tabata wanajua. Baba aliisoma akaona iko sawa kabisa. Mjomba aliisoma akanyamaza.

Kunyamaza kwa mjomba ndo kulinitisha. Mtu anayegomba unaweza kukaa naye ukaongea. Mjomba alikuwa ameahidi ukumbi na mapambo, na tarehe ya malipo ya pili ya ukumbi ilikuwa karibu, yeye hajasema hatoi wala hasemi anatoa. Kwenye kamati wakaanza kusema ana roho mbaya anatukomoa kwa hela. Mi sikuona hivyo. Mtu kalea miaka kumi na kitu, hajawahi kuomba atajwe, afu siku ya kutajwa hayupo hata kwenye mstari mdogo wa chini, na anaombwa hela kupitia kadi hiyo hiyo, ina maana yeye amekuwa mchangiaji kwenye shughuli ya mwanae. Ungekuwa wewe ungepokea simu?

Jibu la kwanza la kamati lilikuwa kuiacha ipite, watu watasahau, kadi ya mwaliko ndo tutarekebisha. Hapana. Kadi ya mchango ndo inayotangulia na inazunguka zaidi ya ile ya mwaliko, maana hata asiyechangia anaiona. Na kama ya kwanza inasema hivi na ya pili inasema vingine, umewapa watu cha kuongea mara mbili.

Jibu la pili lilitoka kwa mama wadogo, baba atolewe kabisa, iandikwe familia ya mjomba. Hapo ndo shangazi wa Kimara akaingia kwa sauti kubwa, kwamba binti anatumia jina la baba yake, mahari imepokelewa na baba yake, na kama kadi inatoka bila jina hilo basi baba haendi kanisani na "tuone hiyo ndoa itafungwaje". Haya maneno huwa yanatisha watu bure. Idhini ya baba iliyowekwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliwahusu mabinti walio chini ya miaka 18 tu, huyu ana 28. Mahari nayo, sheria hiyo hiyo inasema ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata kama taratibu za mahari hazikufuatwa. Kinachotakiwa ni notisi angalau siku 21 kabla, na kanisani ni zile Jumapili tatu za matangazo, na huko kwenye fomu ndo majina ya wazazi yanaandikwa kama yalivyo kwenye vyeti, hakuna wa kubishana. Kwa hiyo baba hana turufu ya kuzuia ndoa. Ila nikawaambia mama wadogo, kushinda kisheria sio sababu ya kumfuta mtu kwenye kadi, binti mwenyewe anataka baba ampeleke madhabahuni, mkimfuta Ijumaa mtamwitaje Jumamosi?

(Kama wangekuwa Waislamu, na wazazi walikuwa wameoana, hesabu ingebadilika kabisa. Walii, yaani anayemuozesha binti, anatoka upande wa baba, mjomba wa kwa mama hawezi kumuozesha hata kama kamlea tangu tumboni, kwa hiyo baba angekuwa na uzito wa kweli kwenye akdi, na mjomba angebaki kwenye kuita watu na kulisha watu. Na kule Pwani wengi kadi ya wanaume inasema akdi itafungwa msikiti fulani baada ya sala fulani, na wanawake wanaalikwa kivyao kwa siku yao, kwa hiyo una mistari miwili tofauti ya kuweka watu wawili tofauti. Sisi tulikuwa na mstari mmoja.)

Tukakaa Alhamisi, Tabata kwa mama. Mjomba alikuja baada ya mkubwa wa ukoo wao kumpigia, sio kamati. Baba alikuja na shangazi. Nilikuwa na karatasi na niliandika matoleo matatu ili watu wabishane na maandishi na sio wao kwa wao, huwa inasaidia.

La kwanza: "Bw. (baba) na Bi. (mama) wakishirikiana na walezi Bw. na Bi. (mjomba)". Shangazi alilipenda. Mama alisema hapana, bado nimeandikwa kama mkewe, mtu wa mbali atasoma ni mke na mume wameita ndugu kusaidia. Na mke wa mjomba, ambaye mpaka hapo hakuwa amefungua mdomo, akasema kwa upole kabisa kwamba yeye hajawahi kuwa mlezi, alikuwa mama. Akataja usiku wa surua. Nikalikata lile toleo hapo hapo.

La pili lilikuwa "Familia za (ukoo wa baba) na (ukoo wa mama) zinayo furaha", koo mbili tu bila majina ya watu. Ni zuri kwa macho, na limesaidia familia nyingi ambazo wazazi wote wawili ni marehemu au wamegombana. Lakini hapa lilimficha mjomba tena ndani ya jina la ukoo, na baba naye akasema watu wa kazini kwake hawajui ukoo, wanajua yeye. Kweli.

La tatu ndo likapita, na siri yake ni mahali mtu anapoishi. Kadi zetu huwa zinaweka "wa Kimara", "wa Moshi", "wa Mwanza" na watu wanaona ni pambo, kumbe kamstari hako kanaweza kusema kitu kizito kwa adabu. Ukiandika baba wa Kimara, mama wa Tabata, kila mmoja na jina lake kamili na mstari wake, msomaji anaelewa kwamba hawa hawaishi pamoja na hakuna mtu aliyeandika "waliachana". Hakuna Bw. na Bi. ya kuunganisha wasiounganika. Mke wa baba hakutajwa, na hilo yeye mwenyewe ndo aliliomba kupitia mumewe. Ikatoka hivi:

"Bw. (jina kamili la baba) wa Kimara,
Bi. (jina kamili la mama, la kwao) wa Tabata,
na familia ya Bw. na Bi. (mjomba) wa Morogoro,
wanayo furaha kukualika / kuwaalika
.................................................
kwenye sherehe ya kumuaga binti yao mpendwa (jina)
itakayofanyika ukumbi wa (jina), siku ya Ijumaa tarehe (tarehe)
kuanzia saa 12:30 jioni.
Majibu: Mjomba (namba), Mama (namba), Katibu wa kamati (namba)."

Mtu atauliza kwa nini baba ni wa kwanza wakati hajafanya lolote. Mjomba ndo alisema, "aanze baba yake, mi nifuate dada yangu, ila simu zije kwangu". Na hapo ndo utaona wazee wanavyojua kusoma kadi kuliko sisi. Jina la juu ni heshima, namba ya chini ni mamlaka. Anayepigiwa simu ndo anayejua nani anakuja, nani kachanga, nani apewe kadi, nani akae wapi. Baba akapata heshima yake, mjomba akapata shughuli yake, na malipo ya ukumbi yakaenda siku iliyofuata bila mtu kukumbushwa.

Kuna kaneno kengine kalikuwa kanataka kututoroka, "binti yao". Kwenye rasimu ya kwanza ya kadi hii dizaina alikuwa ameandika "binti yake" kwa sababu mstari unaanza na jina la mtu mmoja. Ukiacha "yake" pale, ile kazi yote ya mistari mitatu inakufa, binti anabaki wa baba. Someni viwakilishi jamani, dizaina anaangalia fonti, hasomi.

Kadi ya mchango tukaitoa upya usiku ule ule na majina matatu, na kwenye grupu mwenyekiti akaandika mstari mmoja tu, "Hii ndiyo kadi sahihi ya familia, ile ya awali tuiache." Walitaka aandike maelezo na samahani ndefu, nikakataa kwa niaba ya wote. Ukieleza kwenye grupu la watu mia mbili kwamba majina yalikosewa kwa sababu wazazi hawaishi pamoja umetangaza ulichokuwa unaficha. Samahani mwenyekiti alienda kuiomba mwenyewe kwa miguu, Tabata, na kwa mjomba kwa simu. Imetosha.

Kamati ya harusi, ya upande wa bwana harusi, nao walikuwa karibu kuchapa, na kwao kuna ule mstari wa pili, "binti wa Bw. na Bi. fulani wa mahali fulani". Walikuwa wameshaandika Bw. na Bi. wa Kimara. Hawana kosa, wao walienda Kimara kutoa mahari. Huu mstari kamati za sendofu huwa zinausahau kabisa kwa sababu hauko kwenye kadi yao, na mgeni anayealikwa kote kote anashika kadi mbili zenye wazazi tofauti. Tulimtuma mshenga, sio kamati kwa kamati, kwa sababu mshenga ndo mwenye njia ya kuongea na pande zote bila mtu kuona anaamriwa. Wakabadilisha kuwa "binti wa Bw. (baba) wa Kimara na Bi. (mama) wa Tabata", mjomba hayumo, na mjomba mwenyewe alisema kwenye kadi ya wakwe asijazwe, pale ni wazazi tu. Unaona sasa, sio kwamba alikuwa anataka kutajwa kila mahali.

Mchango. Kamati iliweka kiwango, singo (kadi ya mtu mmoja) elfu 70, dabo (ya watu wawili) laki moja, na kadi inatoka ukimaliza ahadi. Sina ugomvi na viwango, ukumbi unalipiwa kwa kichwa na sahani zinahesabika, anayelalamikia viwango mara nyingi hajawahi kuwa mhazini. Ninachokataa ni kuandika kiwango kwenye kadi yenyewe, kisemwe kwa mdomo au kwenye meseji ya mhazini, kadi ibaki na "hali na mali". Na ninakataa kabisa wazee wa ukoo kuwekwa kwenye daftari la ahadi. Ilitokea hapa: bibi mzaa baba, mzee wa miaka themanini na kitu, anatoka Kamachumu, hajachanga kwa sababu hakuna aliyemwambia achange, jina lake halikuwepo kwenye orodha ya kadi. Bibi wa bibi harusi! Mhazini alisema kwa mujibu wa daftari hana ahadi. Tukaandika orodha ya pili isiyo na safu ya hela, wazee wa pande zote, na hiyo ikawa ya kwanza kutolewa kadi.

Halafu wakampa singo. Bibi hatembei bila mjukuu wa kumshika mkono, mjukuu ana miaka kumi, na chini ya kadi imeandikwa watoto hawaruhusiwi. Kwa hiyo kadi inasema bibi aje, asije na wa kumshika, na akija naye arudishwe mlangoni. Kwa wazee tukatoa dabo wote na ule mstari wa watoto ukafutwa kwenye kadi zao, na jamaa wa mlangoni akaambiwa majina. Mstari wa watoto wenyewe siupingi, ila "watoto hawaruhusiwi" inasikika kama tangazo la getini, tuliuandika "tunaomba watoto wabaki nyumbani siku hii", na wenye watoto wa kunyonya wakapigiwa.

Kadi za simu, zile zenye mchoro wa QR wa kuskaniwa mlangoni, zilirahisisha sana kwa vijana na wafanyakazi, sitasema uongo. Lakini shangazi mmoja wa Bukoba alipokea meseji kutoka namba asiyoijua, ina jina la binti, ina namba ya kutuma mchango, akaifuta mara moja na kuwaonya wenzake kwamba matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" sasa wanatumia majina ya watoto wetu. Nani atamlaumu? Na mfumo wenyewe uliandika 12:30 bila neno jioni, ndugu mmoja yuko nje kauliza kama sherehe ni ya mchana. Kwa wazee kadi ya karatasi, na ipelekwe na mtu wa damu. Baba alipelekewa ya kwake Kimara na mjomba mwenyewe, kwa mikono miwili, kadi mbili, moja imeandikwa Bw. na Bi. (baba), yaani yeye na mkewe wa sasa. Kwenye mstari wa mwalikwa, mke wa baba akawa "Bi." halali bila mtu kunung'unika, kwa sababu pale anaalikwa, haaliki. Nyingine ilikuwa ya bibi, baba aipeleke Kamachumu.

Ukumbini MC alipewa majina yameandikwa kwenye karatasi kwa mpangilio ule ule wa kadi, na akaambiwa asiongeze lake, MC akikosa maneno anaita "sasa tuwaite wazazi, baba na mama wacheze pamoja". Walikaa meza moja ndefu, baba na shangazi upande mmoja, mama katikati na mjomba na mkewe, mke wa baba akakaa meza ya nyuma yake na ndugu wa Kimara na alionekana mwepesi kabisa.

Kwenye kuvunja kamati mwenyekiti alinirudia na lile neno "walezi". Yeye bado anasema lingekuwepo, kwa sababu wageni wa kazini walikuwa wanaulizana yule bwana wa Morogoro ni nani, na kadi haikuwajibu, na mgeni ana haki ya kujua anaitwa na nani. Mi bado nasema aliyekuwa anahitaji kujua alishajua, na asiyejua aliona binti alivyopiga magoti mbele ya watu watatu, akahesabu mwenyewe. Hatukukubaliana, na ana kadi nyingine ya mdogo wake mwakani, kashasema ataweka walezi.